Kiti Kisichokuwepo

Daktari aliipa presha yangu jina: sugu.
Kama mwizi anayerudi gerezani
kila akifunguliwa mlango.
Vidonge vinne asubuhi: kimoja cha kunikojoza,
kimoja cha kulegeza mishipa,
kimoja cheupe kilichonivimbisha vifundo vya miguu,
na cha nne nimesahau kazi yake,
nadhani hata chenyewe kimesahau.
Mashine ikanibana mkono, ikashusha pumzi,
ikasema: mia sabini na moja.

“Bi Etelka,” akasema Csilla, mtaalamu wa viungo,
msichana wa kucha fupi na viatu vya kijani,
“leo nitakufundisha kukaa.”

Nikacheka. Miaka thelathini na minne
nimekaa ndani ya kibanda cha winchi,
juu kabisa, kiwanda cha chuma cha Diósgyőr,
ndoo ya chuma kilichoyeyuka ikining’inia chini yangu
kama jua lililotiwa kamba.
Nani wa kunifundisha kukaa?

“Kukaa bila kiti,” akasema.

Basi. Jikoni kwangu, Miskolc, ghorofa ya saba,
theluji dirishani, maharage motoni.
Mgongo kwenye ukuta wa zege, nyayo mbele kidogo,
najishusha taratibu, kama nilivyoshusha mizigo,
mpaka mapaja yaanze kunung’unika.
Hapo nabaki.
Sisimami, siketi.
Dakika mbili, kisha mbili za kupumzika. Mara nne.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.

“Usizuie pumzi,” alinionya.
“Pumzi ikifungiwa, presha hupanda. Hesabu kwa sauti.”
Nahesabu kwa sauti.
Bwana Kálmán, upande wa pili wa ukuta, hugonga:
hudhani nahesabu pesa.

Ishirini. Nafikiri habari za maharage.
Hamsini. Magoti yanatetemeka
kama tramu namba moja ikikata kona.
Sabini. Ni kazi gani hii, Mungu wangu,
isiyosogeza hata kijiko,
na jasho linanidondoka kidevuni?
Themanini na tano, namwona Dezső
kwenye kiti chake, kiti cha kweli,
na mkate wa mafuta ya nguruwe,
kitunguu, chumvi, halafu chumvi tena.
Ananitazama nilivyoganda.
“Unamsubiri nani, mwanamke?”

Simjibu. Nahesabu.
Presha yake na yangu zilikuwa dada na kaka.
Lifti ilikuwa mbovu siku ile;
alianguka ghorofa ya nne na mfuko wa viazi,
na viazi vikashuka ngazi zote
kuwapokea wauguzi.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa niliuona. Niliupaka rangi tu,
nikautundikia kalenda.
Ukuta sijajenga mimi;
huu wa zege ndio unaonijenga,
dakika mbili mbili,
kibarua asiyedai mshahara.

Mia na ishirini.
Nainuka kwa kushika meza, nikitukana kidogo.

Wiki ya tisa mashine ikanibana tena:
mia hamsini na nane.
Csilla akapiga makofi. Daktari hakupiga.
“Vidonge vinaendelea,” akasema, “na ukuta pia.”
Kumi na tatu, basi. Ni kama kushuka vidato kumi na tatu
katika jengo la ghorofa saba:
mlango wa kutokea bado hauonekani,
ila miguu imeshajua inaelekea wapi.

Sebuleni, juu ya kochi, kuna doa ukutani:
mafuta ya nywele za Dezső,
mahali alipoegemeza kichwa akitazama mpira.
Binti yetu anataka kupaka rangi nyumba nzima.
Nimemwambia sebule, ngoja kwanza.
Na jikoni, kando ya jiko,
lile jingine, jipya, refu kama mgongo,
usiliguse.
Hilo bado nalifanyia kazi.